Filamu Iliyowaogopa Watoto: Ubora na Upungufu wa The Golden Compass

Usiku wa tarehe 24 Februari 2008, katika hafla ya 80 ya tuzo za Oscar, filamu ya The Golden Compass ilitangazwa kuwa mshindi wa tuzo ya madoido ya picha, ikizibwaga filamu mbili zilizokuwa na kelele nyingi zaidi sokoni, yaani Transformers na ile ya tatu katika mfululizo wa Pirates of the Caribbean. Siku nne baadaye, tarehe 28 Februari, ilitangazwa kwamba New Line Cinema, studio iliyoitengeneza, haitajitegemea tena bali itaingizwa ndani ya Warner Bros. Wafuatiliaji wa sinema waliyaunganisha matukio hayo mawili bila shida, kwa sababu filamu hiyo ilikuwa imegharimu takribani dola milioni 180, na nchini Marekani iliingiza takribani milioni 70 tu. Sehemu mbili zilizokusudiwa kuifuata hazikutengenezwa.

Tangu wakati huo, kila anayezungumzia filamu za njozi kwa watoto huitaja filamu hii kama mfano wa kuanguka, na kila mmoja ana sababu yake. Wapo wanaosema iliangushwa na ugomvi wa dini. Wengine husema ilikuja wakati watazamaji wameshachoshwa na watoto wateule na wanyama wanaosema, na wapo pia wanaoamini kwamba kitabu chake hakikufaa kabisa kufanywa filamu. Sababu hizo zote zina chembe ya ukweli, lakini hazielezi kwa nini nusu ya filamu ni nzuri kiasi cha kukutoa machozi na nusu nyingine ni baridi kama chai iliyosahaulika mezani. Kwa maoni yangu, kasoro zake nyingi zina shina moja, nalo ni woga: watengenezaji hawakuamini kwamba mtoto anaweza kukaa na jambo asilolielewa bado, wala kwamba anaweza kubeba huzuni. Ubora wake, kwa upande mwingine, uko pale walipojisahau wakamwamini.

Msingi wake ni riwaya ya Philip Pullman, mwandishi Mwingereza, iliyotoka Uingereza mwaka 1995 kwa jina la Northern Lights na kutunukiwa medali ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto. Ni ya kwanza katika riwaya tatu zinazojulikana kwa pamoja kama His Dark Materials. Jina la filamu limetoka kwenye toleo la Marekani, na chanzo chake ni kosa ambalo msomaji wa Kiswahili asingelifanya. Mwanzoni Pullman alikuwa amewaza kuziita riwaya zake kwa maneno ya mshairi John Milton, ambaye katika utenzi wake Paradise Lost anamwonyesha Muumba akichora mpaka wa ulimwengu kwa bikari ya dhahabu. Kwa kuwa Kiingereza kina neno lilelile kwa bikari na kwa dira, wachapishaji wa Marekani walidhani maneno hayo yanahusu chombo cha ajabu anachobeba mhusika mkuu, wakalishikilia jina hilo hata mwandishi alipokwisha kulibadilisha. Sisi tuna bikari ya mwanafunzi wa hesabu na dira ya nahodha, wala hatuzichanganyi.

Mhusika mkuu ni Lyra Belacqua, msichana anayejiamini kuwa yatima na aliyelelewa na maprofesa katika chuo kimoja cha Oxford, ingawa Oxford hiyo si ya dunia yetu bali ya dunia inayofanana nayo. Rafiki yake Roger, mtumishi mdogo wa jikoni, anatoweka pamoja na watoto wengine maskini. Lyra anasafiri kuelekea kaskazini kwenye barafu kumtafuta, akiwa na alethiometa, kifaa chenye alama 36 na mishale minne, ambacho humjibu ukweli yule anayejua kukisoma. Huko kaskazini kuna kituo kiitwacho Bolvangar, ambako watu wa Magisterium, chombo kinachotawala dunia hiyo, wanawafanyia watoto jambo baya kuliko kuwaua.

Ili kuelewa ubaya wa jambo hilo ni lazima tuanze na madaimoni, ambao ndio hazina ya kitabu na ndio fahari ya filamu. Katika dunia ya Lyra, roho ya mtu haikai ndani ya mwili bali hutembea kando yake katika umbo la mnyama, huzungumza naye, humshauri na humkemea. Daimoni wa mtoto hubadilika apendavyo, mara nondo, mara paka, mara mnyama mweupe wa jamii ya kicheche, na mtoto anapobalehe daimoni hutulia katika umbo moja hadi kifo. Hakuna awezaye kumgusa daimoni wa mwingine bila kuvunja heshima kubwa. Na wawili hao hawawezi kuachana zaidi ya hatua chache, kwa sababu uchungu wa kutengana ni uchungu wa mauti. Na hilo ndilo linalofanywa Bolvangar: mtoto hukatwa na kutenganishwa na daimoni wake.

Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kigiriki, halina uhusiano na shetani, lakini wazazi wengi hushtuka wanapolisikia, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili mshtuko ni mkubwa zaidi kwa kuwa linatukumbusha mapepo na vikao vya kuyapunga. Ingefaa zaidi kuwaza nafsi. Tunaposema mtu amesutwa na nafsi yake, tayari tumekwisha kuifanya nafsi hiyo kuwa mtu wa pili mwenye mdomo. Pullman alichofanya ni kuipa manyoya na mkia.

Hapa ndipo tuzo ile ya Oscar ilipostahili. Mamia ya wanyama wa kompyuta wanazunguka ndani ya filamu hii, na walio wengi si mapambo. Mwongozaji Chris Weitz alielewa kwamba daimoni ni njia ya kuonyesha kile ambacho waigizaji hawakisemi. Bibi Coulter, anayeigizwa na Nicole Kidman, huzungumza kwa sauti ya asali, hutabasamu na kumnunulia Lyra nguo. Ukitaka kujua anachofikiri, mtazame tumbili wake wa dhahabu, ambaye hasemi hata neno moja. Katika tukio lililo bora kuliko mengi ya filamu hii, Bibi Coulter anamwamuru Lyra avue mkoba wake wakiwa nyumbani, Lyra anakataa, na ghafla tumbili anamrukia daimoni wa Lyra, Pantalaimon, na kumbana chini. Bibi Coulter hajainua mkono. Amesimama pale pale, amependeza, huku mtoto akijikunja kwa maumivu mbele yake.

Nilipoitazama filamu hii na mpwa wangu wa miaka tisa, sikuwa nimemweleza lolote kuhusu madaimoni, na katika tukio hilo alinishika mkono akauliza, "Mjomba, mbona anayepigwa ni yule mnyama lakini anayelia ni dada?" Kabla sijajibu alijijibu mwenyewe: "Aa, ni yeye yuleyule." Huo ndio uelewa kamili wa riwaya yenye kurasa karibu mia nne, na mtoto aliupata kwa kutazama sekunde ishirini za mateso bila kufafanuliwa.

Nimesema sikumweleza, lakini kwa kweli filamu yenyewe ilikuwa imejaribu kumweleza. Inaanza kwa sauti ya Serafina Pekkala, malkia wa wachawi anayeigizwa na Eva Green, ambaye katika dakika za mwanzo anatusomea mambo yote: kwamba dunia ni nyingi, kwamba roho hutembea nje ya mwili, kwamba kuna kitu kiitwacho Vumbi kinachoziunganisha dunia hizo, kwamba palikuwa na alethiometa nyingi na imebaki moja, na kwamba Magisterium haipendi yote hayo yajulikane. Mpwa wangu hakusikia hata moja kati ya hayo, kwa sababu mtoto hakumbuki maelezo ya kitu ambacho bado hajakiona. Kwa mtu mzima madhara ni makubwa zaidi. Riwaya inamweka msomaji pamoja na Lyra ndani ya kabati alimojificha, akiwasikia wazee wakilitaja neno Vumbi kwa hofu, naye anajiuliza pamoja na mtoto huyo ni vumbi gani hilo linalowatetemesha maprofesa. Filamu inatuambia jibu kabla ya swali kuulizwa. Baada ya hapo tunalazimika kukaa karibu saa mbili tukiwatazama wahusika wakinong'ona kuhusu siri ambayo sisi tumekwisha kupewa mlangoni.

Watambaji wa ngano zetu walilijua jambo hili zamani sana. Bibi anaposema "Paukwa" na watoto wakaitikia "Pakawa", hakuna anayesimama kueleza zimwi ni kiumbe wa aina gani, anaishi wapi na ana uhusiano gani na ukoo wa mfalme. Zimwi hutokea, humeza, na kwa kumeza kwake watoto hujua ni nini. Hata wale wasimulizi wa vibanda vya video, ambao kazi yao hasa ni kufafanua, huacha tukio litokee kwanza ndipo watie neno lao juu yake. Anayetoboa siri mapema hurushiwa maganda ya karanga.

Woga huo wa kutoeleweka umeathiri pia mwendo wa hadithi. Filamu nzima ina dakika 113, na ndani yake lazima wapite maprofesa wa Oxford, jamii ya watu wa mashua wanaoitwa Wagipti, rubani wa baluni kutoka Texas, malkia wa wachawi, dubu wenye silaha, wafalme wao na maofisa wa Magisterium. Kila mmoja anaposhuka, husema yeye ni nani, anataka nini na kwa nini atamsaidia Lyra, kisha humpisha anayefuata, kama abiria wanaopeana kiti katika daladala. Sam Elliott, anayemwigiza rubani Lee Scoresby, ana haiba ya kutosha kuibeba filamu yake mwenyewe, lakini hapa amepewa dakika chache za kujitambulisha na kurusha risasi. Matokeo yake ni safari isiyo na kizuizi cha kweli: kila mtu anayekutana na Lyra anampa msaada, na msaada usipopatikana anaifungua alethiometa, vumbi la dhahabu linazunguka kwenye skrini, na jibu linakuja. Katika riwaya kusoma chombo hicho ni kazi ya akili, ya kushikilia maana nyingi kwa pamoja bila kung'ang'ania hata moja. Katika filamu kimekuwa kama kuuliza swali kwenye simu.

Hata hivyo, si kila badiliko lilikuwa baya, na haki itendeke hapa, kwa kuwa wapenzi wa vitabu wana desturi ya kuhesabu kila kilichoondolewa na kusahau kilichopatikana. Katika riwaya Lyra anaelezwa wazazi wake ni akina nani na mzee wa Wagipti, wakiwa wamekaa kwa utulivu. Filamu imelihifadhi jambo hilo hadi Bolvangar, ambapo Bibi Coulter anaingia katika chumba cha mashine ya kukatia watoto na madaimoni wao, anakuta mtoto aliyefungiwa ndani ni Lyra, na uso ule uliokuwa umepakwa utulivu tangu mwanzo unapasuka. Muda mfupi baadaye anasema yeye ni mama yake. Mwanamke huyohuyo anayeona ni halali kuwakata watoto wa wengine, na anayeueleza ukatili huo kama mkato mdogo tu, hawezi kuvumilia kisu kimguse wa kwake. Nicole Kidman analibeba hilo lote kwa uso tu, na sioni aibu kusema kwamba katika tukio hili filamu imekishinda kitabu.

Chaguo la mwigizaji wa Lyra nalo lilikuwa la bahati njema. Dakota Blue Richards alipatikana katika usaili ulioshirikisha zaidi ya wasichana 10,000, hakuwa na uzoefu wa filamu, na ukali wake wa asili unafaa kabisa kwa mtoto anayesema uongo kwa ufasaha. Anapomdanganya mfalme wa dubu kwamba yeye ni daimoni wa adui yake, anaonekana akiutunga uongo huo neno kwa neno, na hofu yake haifichiki nyuma ya maringo.

Pambano la dubu linalofuata ndilo linalokumbukwa na kila aliyeitazama filamu hii, na ndilo linalofungua fumbo lote. Iorek Byrnison, aliyepewa sauti ya Ian McKellen, anapigana na mfalme aliyemnyang'anya kiti, dubu wawili wenye silaha za chuma wakigongana kwenye barafu. Iorek anajifanya amejeruhiwa, mpinzani wake anazembea, na kwa pigo moja taya lote la chini la mfalme linang'oka na kuruka. Nchini Marekani filamu ilipewa daraja la PG-13, yaani wazazi wanaonywa juu ya watoto walio chini ya miaka 13. Ukumbini kwetu, yaani sebuleni, watoto walipiga kelele za furaha.

Sasa tutazame kile ambacho watengenezaji waliona kuwa ni kizito mno kwa watoto haohao. Katika riwaya, Lyra anaongozwa hadi kwenye kibanda cha samaki ambako anamkuta mvulana mdogo aliyekatwa daimoni wake, ameshika samaki mkavu kifuani kama mtu anavyomshika mnyama wake, akiuliza daimoni wake yuko wapi. Mtoto huyo anakufa usiku uleule. Watu wazima wanamnyang'anya maiti samaki wake, kwa kuwa hawakuelewa, na Lyra anawaka hasira iliyo ya kiutu kuliko yote katika kitabu. Filamu imelibakisha tukio la kibanda na kulifanya vizuri kwa kiasi. Sebule yangu ilinyamaza kimya. Lakini samaki ameondolewa, mvulana amebadilishwa kuwa Billy Costa, mtoto wa Wagipti, na badala ya kufa anarudishwa mikononi mwa mama yake. Tukio linapita na hakuna anayeomboleza.

Jambo la pili ni la sumu. Mwanzoni mwa hadithi mtu anatia sumu kwenye mvinyo wa Bwana Asriel, mtafiti ambaye Lyra anamjua kama mjomba wake. Katika riwaya mtia sumu ni Mkuu wa chuo, mzee mpole aliyemlea Lyra na ambaye baadaye anamkabidhi alethiometa kwa siri. Msomaji mdogo analazimika kuishi na ukweli kwamba mtu mwema aliyemlea mtoto alijaribu kuua, na kwamba huenda alikuwa na sababu. Katika filamu sumu inatiwa na ofisa wa Magisterium. Kwa badiliko hilo moja, wema wamerudi upande wao na wabaya upande wao, na mtoto hana tena la kujiuliza.

La tatu ndilo kubwa. Riwaya inaishia kwa Lyra kumfikisha Roger kwa Bwana Asriel akidhani amemwokoa, kumbe amempelekea Asriel kile hasa alichokihitaji: mtoto wa kukatwa na daimoni wake, ili nguvu itokayo kwenye mkato huo ifungue njia angani kwenda dunia nyingine. Roger anakufa. Lyra anagundua kwamba safari yake yote ya upendo ilikuwa ikimpeleka rafiki yake machinjioni, na kwamba aliyemchinja ni Asriel, ambaye kumbe si mjomba bali ni baba mzazi wa Lyra. Mwisho huo ulipigwa picha, kisha ukaondolewa wakati wa uhariri kwa wazo kwamba utawekwa mwanzoni mwa filamu ya pili. Kwa hiyo filamu inakoma wakati Lyra na Roger wakiwa ndani ya baluni, wakielea juu ya theluji na kuahidiana kwamba mambo yatakuwa mema. Anayejua kitabu anaona mtoto akipelekwa kufa huku muziki mtamu ukipigwa. Asiyekijua anaona filamu iliyokatika kama umeme. Na Bwana Asriel, anayeigizwa na Daniel Craig, ambaye tuliahidiwa tangu mwanzo kwamba ndiye kiini cha mambo, anabaki huko alikobaki, na mtazamaji aliyemsubiri anarudi nyumbani mikono mitupu.

Ukiyaweka haya matatu kando ya taya la dubu, utaona jinsi mizani ilivyopinda. Mtoto aliruhusiwa kuona taya likiruka, lakini hakuruhusiwa kuona rafiki akifa na wengine wakimlilia. Filamu haikuogopa ukatili, iliogopa huzuni. Hata katika vita vya mwisho huko Bolvangar, askari wanapouawa madaimoni wao hulipuka na kuwa cheche za dhahabu, bila damu wala maiti ya mnyama. Kwa macho ni jambo la kupendeza, na kama fikra ya kisanaa ni sahihi kabisa, kwa kuwa roho ikitoka haiachi mzoga. Lakini inaporudiwa mara ishirini ndani ya dakika tano, kifo kinakuwa fataki, na mtoto anajifunza kuvihesabu.

Suala la dini, ambalo wengi hulianza nalo, nimeliacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu haliwezi kueleweka peke yake. Katika riwaya, Magisterium ni Kanisa lenyewe la dunia ile, lenye mapadri na mafundisho, na hadithi ya Hawa na tunda imo ndani kabisa ya maana ya Vumbi. Pullman hajaficha kwamba anazikosoa taasisi za dini zinazotumia mabavu. Shirika la Catholic League la Marekani liliwataka watu waisusie filamu, likihofia kwamba itawavuta watoto kwenye vitabu. Wakati huohuo National Secular Society ya Uingereza ililalamika kwa sababu iliyo kinyume, kwamba filamu imeondoa dini. Studio ilijaribu kupita katikati, ikaifanya Magisterium kuwa serikali ya kiimla isiyo na jina la imani, yenye majengo makubwa na makoti meusi, na kama kawaida ya anayetaka kuridhisha pande mbili, ikapigwa mawe na zote.

Msomaji anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo au asiye na dini, na si lazima akubaliane na Pullman kwa lolote ili aone hasara ya kisanaa iliyotokea. Adui wa riwaya ana imani. Anawakata watoto kwa sababu anaamini kweli kwamba Vumbi ni dhambi, kwamba linamwangukia mtu anapobalehe, na kwamba mtoto akikatwa mapema ataokoka. Huyo ni adui wa kutisha, kwa sababu anatenda ubaya kwa nia anayoiona njema, na anaweza kubishaniwa. Adui wa filamu anataka tu kutawala. Kuna dakika ambapo Bibi Coulter anamdokezea Lyra kwamba mababu walimwasi Mwenye Mamlaka, yaani Mungu wa dunia ile, na hapo ndipo Vumbi lilipoingia duniani, na kwa muda mfupi mtu anahisi uzito wa jambo, lakini mlango unafungwa mara moja na hadithi inakimbilia kwingine. Hivyo wale waliotaka kuilinda dini wangeweza kudai ushindi, ingawa kilichoondolewa si shambulio tu bali pia swali la dhambi na utu uzima, swali ambalo watoto wa dini zote huliuliza wakifika umri wa Lyra.

Fedha zina sehemu yake ambayo inafaa kuelezwa, kwa kuwa hesabu za filamu hii huwachanganya watu. Duniani kote iliingiza takribani dola milioni 372, kiasi ambacho hakionekani kuwa cha kufilisi. Lakini ili kupata mtaji, New Line ilikuwa imeuza mapema haki za kuionyesha nje ya Marekani, kwa hiyo zile karibu milioni 300 zilizopatikana katika nchi nyingine ziliwanufaisha zaidi walionunua haki hizo. Studio ilibaki ikitegemea soko la Marekani, ambako ugomvi wa dini ulikuwa mkali zaidi, na soko hilo likaigomea. 

Kabla ya hapo kazi yenyewe ilikuwa imeyumba. Weitz aliacha uongozaji mwaka 2004 akisema ugumu wa kiufundi umemshinda, nafasi yake ikachukuliwa na Anand Tucker, naye akaondoka, na Weitz akarudi. Baadaye Weitz alisema hadharani kwamba filamu iliyotoka haikuwa ile aliyokusudia. Hata mpangilio wa matukio uligeuzwa: katika kitabu Bolvangar hutangulia na dubu hufuata, wakimsogeza Lyra kuelekea kwa baba yake, katika filamu dubu wametangulia, ili vita vya Bolvangar viwe kilele chenye askari wengi. Kilele kilipatikana, lakini pambano la kukumbukwa zaidi likawa limekwisha kupita, na kinachobaki mbele yake ni umati unaokimbia kwenye theluji gizani.

Mwaka 2019 BBC na HBO walianza kuonyesha tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya zote tatu, yenye vipindi 23 vilivyokamilika mwaka 2022. Msimu wa kwanza ulimalizika kwa kifo cha Roger, kikaonyeshwa BBC One Jumapili jioni, saa ambayo familia za Uingereza hukaa pamoja mbele ya televisheni. Tamthilia hiyo ina kasoro yake, ambayo watazamaji waliiona tangu kipindi cha kwanza: madaimoni ni wachache, watu wengi hupita barabarani bila mnyama yeyote kando yao, na mtu anasahau kwa dakika kadhaa kwamba wana roho. Filamu ya 2007 ilikuwa na wanyama wote hao. Mpwa wangu, filamu ilipokatika pale kwenye baluni, aliuliza sehemu ya pili iko wapi, na nilipomwambia haipo, alitaka nimsomee kitabu. Nilimtafsiria sura za mwisho kwa siku tatu. Tulipofika kwa Roger aliniambia ninyamaze kidogo, akaenda kunywa maji, kisha akarudi akakaa na kuniambia niendelee.